Mkanda wa konveya ya korosho: vibao vinabanduka, kingo zinatoa nyuzi. Niagize vipi mwingine?

Binti_Masasi

Habari za kazi wakuu.

Niko kwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Masasi. Mimi si fundi. Nasimamia uzalishaji na manunuzi, kwa hiyo mashine ikisimama napigiwa mimi, na mwenye kiwanda akitaka kujua hela imeenda wapi napigiwa mimi tena. Naomba msaada wa mikanda miwili kabla msimu haujaanza, maana Oktoba minada ikishafunguliwa hakuna wa kunisikiliza.

Wa kwanza ni wa konveya ya kupandisha. Unachukua korosho ghafi iliyokwisha kupikwa kwa mvuke na kupoa, unaipandisha hadi kwenye hopa ya mashine za kubangulia. Mwinuko ni digrii 40. Mkanda ni PVC ya kijani, upana milimita 400, una vibao vya kuzuia mzigo usirudi chini, kimo milimita 30, kila baada ya milimita 300. Kutoka katikati ya dramu ya chini hadi katikati ya dramu ya juu ni mita 5.2. Shida yake ni vibao kubanduka. Kinaanza kuachia kwenye ncha, kesho kimeinuka nusu, keshokutwa kimedondokea kwenye hopa na kazi imesimama. Mkanda wenyewe umekuwa mgumu, ukiukunja unaona nyufa ndogondogo. Na umetumika msimu mmoja tu!

Wa pili ni wa meza ya kuchagulia korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa. Mweupe, laini, upana milimita 600, kina mama wanakaa pande zote mbili. Huu unakimbilia upande mmoja, ukingo unasagika kwenye fremu na kutoa nyuzi. Mnunuzi katutumia picha ya uzi ndani ya boksi. Mnaofanya kazi ya chakula mnajua picha kama hiyo inavyokata usingizi.

Nimeomba profoma kwa wauzaji. Mmoja kaniuliza "mita ngapi, rangi gani" basi, hana swali lingine. Mwingine kanitumia orodha ndefu: vibao vya umbo la T au L, kuta za pembeni za mikunjo, kiongozi cha V cha kubandika chini ya mkanda ili usihame, kingo zilizofungwa, matundu, kiungo cha vidole (ncha zilizokatwa kama vidole zikaingiliana) au klipu, PVC au PU (poliyurethani). Kila ukitia tiki bei inapanda. Nichukue nini, niache nini?

Halafu kuna hili: sasa hivi konveya inapeleka kama kilo 600 kwa saa, tunataka 900. Mwenye kiwanda anasema tuweke vibao vya milimita 60, mara mbili ya vya sasa, tumalize kazi.


FundiKonveya

Dada, pole na hiyo picha.

Huyo wa "mita ngapi, rangi gani" mwache auze mazulia. Mkanda wa kutengenezewa unaanza na mashine yako na mzigo wako, rangi inakuja mwisho. Kabla sijasema lolote nahitaji vipimo, na vyote unaweza kuvipata leo kwa futi kamba, vernia, chaki na mizani.

Kipenyo cha kila dramu, ya juu na ya chini. Usikisie, chukua vernia.

Bolti za kukazia mkanda zimebakiza nafasi kiasi gani?

Piga alama ya chaki kwenye mkanda, uzungushe mara moja kamili, uniambie sekunde ngapi.

Simamisha konveya ikiwa imejaa kama kawaida, chukua korosho za vibao kumi vinavyofuatana, pima uzito.

Chungulia chini, upande ambao mkanda unarudi mtupu. Umeegemea nini? Na vibao vimeanzia ukingo hadi ukingo, au vimeacha nafasi pembeni?

Kwa ile meza ya kuchagulia nataka kitu kimoja tu: pima mshazari wa fremu, kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha zile kona mbili nyingine. Niletee namba zote mbili.


Binti_Masasi

Shikamoo fundi. Nimewashikia tochi mwenyewe.

Dramu zote mbili za konveya ni milimita 60. Bolti zimebakiza kama milimita 150. Mzunguko mmoja sekunde 42. Korosho za vibao kumi ni kilo 2 na kidogo. Mkanda ukirudi chini unapita juu ya virola vyembamba vilivyofungwa kwenye fremu, viwili kila mahali, kimoja kila upande. Vibao vimejaa upana wote, ukingo hadi ukingo, na vikipita pale vinagonga: tok, tok, tok. Nilidhani ndiyo sauti yake ya kawaida.

Jambo jingine: kwenye kiungo cha mkanda kuna pengo kubwa. Kila mahali ni 300 kati ya kibao na kibao, pale ni 400.

Meza: mshazari mmoja umezidi mwingine kwa milimita 12.


FundiKonveya

Marahaba. Sasa tunaongea. Kaa mkao wa kusoma, hii ni ndefu.

Nianze na kinachoua vibao vyako, viko vitatu na vimesaidiana.

Cha kwanza ni hiyo tok tok. Mkanda wa vibao unaporudi, vibao vinaangalia chini, kwa hiyo lazima uegemee kwenye kingo zake tupu, pale pasipo na kibao. Ndiyo maana kibao huagizwa kifupi kuliko upana wa mkanda. Wako 400, kibao kingekuwa 320, ukaacha 40 kila upande kwa ajili ya virola. Aliyekutengenezea alijaza upana wote, sasa kila kibao kinapokea nyundo kwenye ncha zake kila mzunguko. Umesema mwenyewe vinaanza kuachia kwenye ncha.

Cha pili ni dramu ya milimita 60. Mkanda mtupu wa PVC wenye tabaka mbili za kitambaa ndani unaweza kuzunguka hapo bila shida. Ukishachomelea kibao juu yake, chini ya kitako cha kibao mkanda hauwezi tena kujikunja, unabaki sehemu ngumu, na dramu ndogo inailazimisha. Kazi yote ya kujikunja inaangukia kwenye mshono wa kibao. Kila kitu unachoongeza kwenye mkanda kina dramu yake ndogo kabisa inayoruhusiwa: kibao kirefu kinataka dramu kubwa zaidi ya kibao kifupi, kuta za pembeni zinataka kubwa, kiongozi cha V kinataka kubwa. Mtengenezaji yeyote wa maana anayo jedwali hilo, mwambie akutumie pamoja na profoma. Asipokuwa nalo, tafuta mwingine. Wewe weka dramu za milimita 100, utalala.

Na hapo ndipo wazo la bosi la vibao vya 60 linapofia. Vingehitaji dramu kubwa kuliko hizo 100, fremu ingebidi ikatwe, na wala huvihitaji. Nitakuonyesha.

Cha tatu ni mafuta ya ganda. Hayo mafuta yana asidi ya anakadi na kadoli, ndiyo yanayobabua mikono ya wabanguaji hadi wanajipaka mafuta ya nyonyo. Korosho ikipikwa na mvuke, zile zilizopasuka zinatoa mafuta kidogo kidogo, yanakaa kwenye mkanda siku nzima. PVC inakuwa laini kwa sababu imetiwa kilainishi kiwandani. Mafuta yanakitoa kile kilainishi, mkanda unabaki mgumu, unasinyaa, unapasuka. Nyufa zako ndizo hizo. Kwa hiyo uso wa juu uwe PU, na vibao viwe PU pia, kwa sababu kibao kinachomelewa kwa joto na lazima kiwe cha jamii moja na uso wa mkanda ndipo viyeyuke pamoja. Kibao cha PVC juu ya mkanda wa PU hakishiki.

Lakini usiniamini mimi wala muuzaji kuhusu PU na mafuta ya korosho. PU inavumilia mafuta mengi, ila haya yenu ni makali kuliko ya kula, na PU ziko za aina nyingi. Omba vipande vya sampuli, kila kimoja ukubwa wa kiganja, kikiwa na kibao juu yake. Pima uzito na unene, tumbukiza kwenye chupa ya mafuta ya ganda, ambayo hapo kiwandani hayawagharimu kitu. Baada ya wiki mbili toa, futa, pima tena, kikunje, kivute kibao kwa koleo. Kilichovimba au kulainika kimejifelisha chenyewe. Omba na sampuli ya mpira wa naitraili ulinganishe, maana huo nao umetengenezwa kwa ajili ya mafuta.

Sasa zile kilo 900.

Mzunguko wako: mkanda una mita 10.6 hivi, sekunde 42, ni mita 15 kwa dakika. Kila mita 0.3 kuna kibao, kwa hiyo vibao 50 vinamwaga kila dakika. Kila kimoja gramu 200, jumla kilo 10 kwa dakika, kilo 600 kwa saa. Hesabu inakubaliana na ulichosema.

Ukiweka dramu ya kuendeshea ya 100 badala ya 60 na usiguse mota wala giaboksi, mkanda wenyewe unaongeza mwendo. Unatoka mita 15 unakuwa karibu 25 kwa dakika. Watu husahau hili, wanabadilisha dramu halafu wanashangaa mzigo unarushwa. Kwako ni neema. Kibao tumekipunguza kutoka 400 kuwa 320, kwa hiyo kitabeba gramu 160 badala ya 200. Sogeza nafasi ya vibao kutoka 300 hadi 250. Mita 25 gawa kwa 0.25 ni vibao 100 kwa dakika, mara gramu 160 ni kilo 16, kwa saa kilo 960. Kibao kimebaki cha milimita 30 vilevile.

Mkanda ukienda haraka, vibao vinaweza kupita kwenye mdomo wa kulishia vikiwa havijajaa. Ukishafunga, rudia kupima vibao kumi. Korosho zikiwa chini ya kilo 1.6, fungua geti la kulishia zaidi kabla hujagusa kitu kingine. Na mwambie fundi umeme aweke mita ya ampia kwenye mota ikiwa imebeba mzigo, alinganishe na ampia zilizoandikwa kwenye kibati chake. Dramu kubwa inaidai giaboksi nguvu zaidi, ingawa kwa kilo chache hizi sitarajii tabu.

Urefu wa kuagiza. Dramu mbili zinazolingana: mara mbili ya umbali wa katikati, ongeza 3.14 mara kipenyo pamoja na unene wa mkanda, tuseme milimita 3. Mita 10.4, ongeza 3.14 mara 0.103, unapata 10.72. Lakini urefu lazima ugawanyike sawasawa kwa nafasi ya vibao, vinginevyo unapata lile pengo la 400 kwenye kiungo. 10.72 haigawanyiki kwa 0.25. Panda hadi 10.75, ni vibao 43 kamili. Ili mkanda wa 10.75 ukae, dramu ya chini inasogea nje milimita 13 tu, na wewe una 150. Kwa konveya ya urefu huu nataka kubaki angalau milimita 60 za kukazia mkanda utakapovutika, unazo tele.

Kabla ya kuchonga dramu, angalia chini ya konveya. Dramu ikiongezeka kipenyo kwa 40, ncha ya kibao inashuka kwa milimita 20 zaidi. Kama kuna bati la kukinga vumbi litakwanguliwa. Hakikisha pia vile virola vya kurudishia vinashushwa na haviingii ndani zaidi ya milimita 35 kutoka ukingo.

Kuta za pembeni za mikunjo, achana nazo. Ni kitu kizuri kwa mchanga, unga, au konveya inayosimama wima. Kwako zinakula upana, maana kila ukuta una kitako chake, na bado unatakiwa uache ukingo wa virola nje yake. Kwenye 400 ungebaki na njia ya kupitisha baiskeli. Badala yake mwambie mchomeleaji akunje bati la stenlesi kila upande, lishuke hadi milimita 5 juu ya mkanda, likiwa ndani ya zile 40 za ukingo. Korosho ghafi ni kubwa, haipiti kwenye pengo la milimita 5.

Ile meza ya kuchagulia nitairudia jioni, hapa kuna mteja ananiita.


Kericho_CTC

Salaam kutoka Kericho. Sisi ni chai, lakini mikanda ni ileile, na fundi amesema vizuri.

Naongeza moja tu ya vibao. Uliza vinashikishwa na nini. Kuna wanaochomelea kwa mashine ya masafa ya juu au hewa ya moto, plastiki inayeyuka na kuwa kitu kimoja. Na kuna wanaobandika kwa gundi. Kwa macho vinafanana vikiwa vipya. Angalia kwenye mshono: kilichochomelewa vizuri kina kijiukingo chembamba cha plastiki iliyotoka pande zote mbili, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Cha gundi mara nyingi kina michirizi inayong'aa. Mafundi wa juakali huku watakuambia gundi yao haitoki. Inatoka, tena kwenye majani ya chai yenye unyevu inatoka mapema.

Na kwa meza mimi ningeweka kiongozi cha V bila kufikiria mara mbili. Akina mama wakivuta bidhaa kutoka upande mmoja wanasukuma mkanda.


FundiKonveya

Kericho, asante kwa hiyo ya mshono. Lakini kwenye V tutabishana kidogo.

Dada, meza yako mshazari unatofautiana milimita 12. Hiyo fremu si mstatili tena, imelala upande. Dramu moja haiko sambamba na nyenzake, na mkanda siku zote unakimbilia upande ambao unakutana na dramu mapema. Ukiweka kiongozi cha V kwenye fremu iliyopinda, kiongozi kinageuka kuwa breki: kinajisugua kwenye mfereji mchana kutwa, mwisho kinapanda nje ya mfereji na kuuinua mkanda mzima. Nimeona mkanda mpya, ghali, umepasuka katikati kwa urefu wote kwa sababu hiyo.

Na V inataka mfereji ukatwe kwenye kila dramu, kila rola na kwenye bati linalobeba mkanda, mpana kuliko kiongozi kwa milimita 2 au 3 kila upande. Hiyo ni kazi ya mashine ya kuchongea kwa meza nzima, na hakuna aliyekuwekea gharama yake kwenye profoma.

Fanya hivi kwanza: legeza bolti za fremu, vuta kona hadi mishazari ilingane, kaza, weka pima maji kwenye dramu zote mbili. Endesha mkanda wa zamani saa nzima ukiwa mtupu. Ukikaa katikati, pesa ya V ibaki mfukoni. Kericho ana haki kwenye konveya fupi na pana, au pale bidhaa inapoingia kwa kusukumwa kutoka ubavuni kwa nguvu. Korosho karanga zinazovutwa kwa vidole hazina nguvu hiyo.

Kingo zilizofungwa, hizo lipia bila kusita. Mkanda wa kawaida unakatwa kama kitambaa, ukingo unabaki wazi, vitambaa vya ndani vinachungulia. Hapo ndipo uzi wako ulipotoka, na hapo ndipo maji ya kuoshea na mafuta yanapoingia. Ukingo uliofungwa unazungushiwa PU kwa joto, kitambaa hakionekani tena. Ila usiuache usuguane na fremu, utatoboka kama mwingine wowote.


MbeziQC

Naongezea upande wa ubora, maana nimekagua mizigo ya korosho ya kwenda nje.

Agiza wa bluu. Hakuna korosho ya bluu, kipande cha mkanda kikikatika kitaonekana mezani na kwenye mashine ya kuchambua kwa rangi. Mweupe kwenye korosho nyeupe ni kujificha mchana. Uso uwe usiong'aa, taa za juu zikigonga uso unaong'aa wachaguaji wanachoka macho na W320, daraja la korosho nzima nyeupe, inapita na madoa.

Usikubali klipu za chuma kwenye mkanda wowote unaogusa karanga. Jino moja la klipu likikatika ni kesi, na mkanda ukipita ndani ya kigunduzi cha chuma kitalia kila mzunguko. Kiungo kiwe cha vidole, kilichochomwa kwa presi.

Na karatasi. Kama mzigo unaenda Ulaya, omba tamko la kufuata kanuni ya 1935/2004 na ile ya plastiki ya 10/2011. Marekani wanataka la FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, chini ya kanuni za 21 CFR. Tamko liwe la mkanda huohuo, na namba ya bechi ionekane pia kwenye lebo ya roli. Brosha yenye picha ya kikombe na uma si ushahidi, mkaguzi ataisukuma pembeni.


KokotoLugoba

Wakuu samahani nadandia. Sisi tuko kwenye kokoto, mkanda wa mpira, unapandisha digrii 25 na mawe yanarudi. Naweza kuchomelewa vibao kama hivyo?


FundiKonveya

Mkuu, mpira ni dunia nyingine. Mkanda laini wa mpira unapandisha mpaka digrii 18 hivi kwa kokoto, zaidi ya hapo mzigo unateleza. Kwa 25 agiza mkanda wenye mistari ya umbo la V iliyofinyangwa pamoja na mkanda kiwandani. Usibandike kitu juu ya mkanda ulionao, jiwe la kwanza kubwa litakirarua.

Ukiagiza soma namba za ubavuni: EP 400/3 maana yake ni poliesta na nailoni, nguvu newtoni 400 kwa kila milimita ya upana, vitambaa vitatu. 4+2 ni unene wa mpira wa juu na wa chini. Na ujue kwenye mkanda wa mistari kikwangulio cha kawaida hakifanyi kazi, kitang'oa mistari. Fungua uzi wako tuongee, huu ni wa korosho.


Binti_Masasi

Nimewasoma wote mara mbili, asanteni sana.

Leo tumevuta fremu ya meza. Mishazari imelingana, mkanda wa zamani umekaa katikati asubuhi yote, fundi wetu anatembea kifua mbele kana kwamba ni yeye aliyegundua. V imefutwa kwenye profoma.

Bosi nimemwonyesha hesabu ya dramu ya 100. Kauliza mara tatu kama ni kweli vibao havirefuki. Mwisho kasema sawa, lakini zisipofika 900 tutaongea. Sampuli za PU na za naitraili zinakuja na basi kutoka Dar wiki hii.

Swali la mwisho, kiungo. Fremu ya konveya imechomelewa pande zote, mkanda uliokwisha kuungwa mviringo hauingii bila kukata chuma. Muuzaji anasema basi niweke klipu. Konveya hii inabeba ghafi, haigusi karanga. Nikubali?


FundiKonveya

Usikubali. Ghafi inaingia kwenye mashine ya kubangulia yenye visu, jino la klipu likidondokea mle utalia kilio kingine.

Mwambie akuletee mkanda ukiwa wazi, ncha zote mbili zimeshakatwa vidole kiwandani kwake, na vibao viwili vilivyo karibu na kiungo viwe havijachomelewa ili presi ipate pa kukaa. Mnaupitisha kwenye fremu, kisha fundi wake anakuja na presi ya kubeba, anaunga papo hapo, anachomelea vile vibao viwili, anasubiri ipoe ndani ya presi kabla ya kukaza. Nauli na malazi ya huyo fundi viandikwe kwenye profoma sasa hivi, siyo akishafika Masasi.

Kwenye oda andika hivi, usiongeze neno: mkanda wa PU wa bluu, vitambaa viwili, upana 400, urefu 10,750 baada ya kuungwa, vibao 43 vya PU vya umbo la T, kimo 30, upana 320, vikiwa katikati, nafasi 250, dramu 100, ncha zimeandaliwa kwa kiungo cha vidole, kuunga mahali pa kazi. Meza iwe oda ya pili, karatasi tofauti: PU ya bluu isiyong'aa, upana 600, kingo zimefungwa, kiungo cha vidole, tamko la chakula lenye namba ya bechi. Urefu wake pima baada ya hiyo fremu kunyooka, vipimo vya zamani vitupe.

Na usilipe malipo ya awali kabla sampuli haijatoka kwenye chupa.


Binti_Masasi

Nimenakili kama ilivyo. Chupa nimeshaandaa, ziko dirishani ofisini na nimezibandika karatasi ya "usiguse", maana mlinzi alishauliza kama ni asali.